Deni Ndilo Lililokuwa Ukuta wa Yoshiwara

Mwaka 2024 jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Sanaa cha Tokyo lilifungua maonyesho makubwa juu ya Yoshiwara, mtaa wa madanguro uliopewa idhini na watawala wa Japani mwanzoni mwa karne ya 17, na ambao jina lake limedumu midomoni mwa watu kwa zaidi ya miaka 300. Na hata kabla milango ya maonyesho haijafunguliwa, walizuka watu waliolalamika kwamba matangazo yake yalitiwa furaha isiyostahili, kana kwamba mahali walipofungiwa wasichana waliouzwa na wazazi wao palikuwa bustani ya sanaa na mitindo ya mavazi tu. Wenye maonyesho wakatoa tamko, wakakiri kwamba utaratibu ule ulikuwa dhuluma kwa wanawake na kwamba haufai kurudi tena duniani. Mwaka uliofuata shirika la utangazaji la NHK likaonyesha kwa mwaka mzima tamthilia juu ya Tsutaya Jūzaburō, mchapishaji mashuhuri aliyezaliwa ndani ya mtaa huohuo, na watu wakarudi kuulizana swali lilelile: tuutazame mtaa ule kwa jicho gani?

Mimi simo miongoni mwa wanaotaka picha zile zifungiwe kabatini, wala simo miongoni mwa wanaosema kwamba mambo ya kale yana wenyewe na sisi tusiyahukumu. Ninalolishikilia ni jambo moja, nalo ni hili: Yoshiwara haielezeki kwa uzuri wake, wala haielezeki kwa fedheha yake, mpaka kwanza lifunguliwe daftari la madeni lililokaa mikononi mwa mwenye nyumba; kwa sababu deni ndilo lililomleta msichana langoni, deni ndilo lililomvisha hariri, deni ndilo lililomzuia asitoke, na deni ndilo lililobaki hai kila sheria ilipodai kwamba imemfungua.

Asili ya mtaa huu ni ombi. Mwaka 1612 mtu mmoja mwenye madanguro, jina lake Shōji Jin'emon, aliwapelekea watawala wa Edo, mji ambao leo ndio Tokyo, maombi kwamba madanguro yote yaliyotapakaa mjini yakusanywe pahali pamoja. Na hoja alizozitanguliza zilikuwa za mtu ajuaye vyema serikali hupenda kusikia nini: kwamba wanaume wasingeachiwa kukaa madanguroni siku nyingi wakitapanya mali isiyokuwa yao, kwamba watoto wasingeibwa na kuuzwa kwa siri, na kwamba wenye nyumba wangetoa habari za kila mgeni wa kutiliwa shaka, hasa wapiganaji waliopoteza mabwana zao na kuzurura na panga zao viunoni. Idhini ilipatikana mwaka 1617, na mwaka uliofuata mtaa ukafunguliwa karibu na Nihonbashi, juu ya ardhi ya majimaji iliyoota matete. Jina lake lilikuwa na maana ya uwanda wa matete. Baadaye likaandikwa kwa herufi nyingine, zisomwazo vilevile lakini zenye maana ya uwanda wa heri.

Mji ulipanuka, ukauzunguka mtaa, na mwaka 1656 ikatoka amri ya kuuhamisha. Kisha moto mkubwa wa 1657, uliounguza sehemu kubwa ya Edo na kuua watu wanaokadiriwa kufikia 100,000, ukaharakisha jambo lililokwisha kuamuliwa. Yoshiwara mpya ikajengwa nyuma ya Asakusa, katikati ya mashamba ya mpunga, na hapo ndipo ilipokaa hata mwisho wake. Mgeni aliufikia kwa mashua nyembamba kupitia mfereji wa Sanya, kisha akafuata tuta refu kwa miguu au kwa machela, akapita mti wenye matawi yaliyoinama ulioitwa mti wa kugeukia nyuma, maana hapo ndipo watu waliorejea makwao alfajiri walipogeuza shingo kuutazama mtaa mara ya mwisho. Mbele yake lilikuwapo lango moja tu. Ndani palikuwa na eneo la kiasi cha ekari 17, lililokatwa katikati na barabara pana iliyoitwa Nakanochō, ambayo kila mwaka, majira ya maua yalipowadia, ilipandwa miti ya sakura. Na maua yalipopukutika, miti iling'olewa na kuondoshwa. Pande zote palizungushwa handaki, nalo liliitwa handaki la meno meusi, kwa kuwa maji yake yalikuwa na rangi ya ile dawa ambayo wanawake waliitumia kuyatia meno weusi.

Mwanamume aliingia na kutoka apendavyo. Mwanamke wa nje, awe mchuuzi au awe amekuja kutazama maua, alikuwa hana budi kuchukua hati, na bila hati hiyo mlinzi wa lango hakumpisha kutoka, maana ilihofiwa kwamba mmoja wa waliofungiwa ndani angejigeuza mgeni akatoroka. Daktari peke yake ndiye aliyeruhusiwa kupita langoni akiwa juu ya machela. Mpiganaji mwenye nasaba aliuacha upanga wake katika nyumba ya chai, na mfanyabiashara ambaye mjini alitakiwa kumwinamia, humu ndani alimpita kwa wingi wa dhahabu. Na kwa sababu hiyo wako wanaoisifu Yoshiwara kwamba ilikuwa mahali pa usawa katika nchi iliyojaa matabaka. Usawa huo ulikuwapo, lakini ulikuwa wa wateja.

Kuna jambo dogo la saa ambalo limenikaa moyoni zaidi kuliko maelezo marefu ya vitabu. Wajapani wa zama zile waliutangaza wakati kwa mapigo, na imesadifu kwamba wakati ule tunaouita sisi saa nne ya usiku, wao nao waliupigia mapigo manne. Kwa mujibu wa amri, hiyo ndiyo ilikuwa saa ya mwisho wa kazi. Basi wenye mtaa walifanya hila: saa nne ilipotimu walinyamaza, wakangoja hata ikakaribia saa sita ya usiku, ndipo wakavigonga vibao vyao mara nne, na punde si punde wakavigonga mara tisa, ambayo ndiyo hesabu yao ya saa sita. Amri ikawa imetiiwa kwa masikio, na biashara ikapata saa mbili zaidi kila usiku, mwaka baada ya mwaka. Saa hizo mbili zilitolewa katika usingizi wa watu fulani, na watu hao hawakuwa wale wenye kugonga vibao.

Desturi za mtaa zilikuwa nyingi, na ni kweli kwamba zilikuwa na ufundi. Mwanamke wa daraja ya juu, aliyeitwa tayū katika karne ya kwanza ya mtaa na oiran katika zama za baadaye, hakuendewa tu kama mtu aendavyo dukani. Mgeni alipaswa kupita kwanza nyumba ya chai, akakaribishwa, akaagiziwa chakula na wapiga ala, na mwanamke akaja kwake kwa maandamano. Desturi isimuliwayo zaidi ni ile ya kuonana mara tatu: mara ya kwanza mwanamke huketi mbali, hasemi wala hali, mara ya pili husogea kidogo, mara ya tatu mgeni huhesabiwa kuwa mwenyeji, akapewa vijiti vya kulia vyenye jina lake, na kila mara gharama ni zilezile au hupita za kwanza. Katika maandamano, oiran alivaa mitalawanda mirefu yenye kwenda juu zaidi ya shubiri, miguu yake ikiwa mitupu hata katika baridi kali, ukumbuu wake wa hariri umefungwa mbele, kichwani amechomekwa pini nyingi za gamba la kasa, na mguu wake ukichora nusu duara ardhini kwa kila hatua, hata safari ya dakika chache ikawa tamasha refu. Mbele na nyuma yake walikwenda wasichana wadogo wa miaka saba, minane au kumi, wamevikwa nguo za kufanana. Hao waliitwa kamuro.

Walikuwa hata na lugha yao. Wasichana wengi waliletwa kutoka vijiji vya mbali, kila mmoja na lafudhi ya kwao, na mteja aliyelipa ili aote ndoto ya peponi hakutakiwa kusikia sauti ya binti wa mkulima aliyeshindwa kulipa kodi ya mpunga. Kwa hiyo walifundishwa namna moja ya kusema, yenye miishio ya maneno iliyojulikana na kila mtu mjini kuwa ni ya Yoshiwara. Watu wa fasihi huitaja lugha hiyo kwa mapenzi, kwa kuwa ilikuwa tamu masikioni. Nami siukatai utamu wake, ila namfikiria msichana aliyenyang'anywa hata namna ya kuita mama kama wanavyoita kwao.

Na hapa ndipo sanaa inapoingia, kwa maana Yoshiwara ndiyo iliyozaa sehemu kubwa ya uchoraji tunaouita leo fahari ya Japani. Tsutaya Jūzaburō, aliyezaliwa mwaka 1750, alianza kwa duka la vitabu karibu na lango la mtaa, akiuza miongozo iliyoorodhesha nyumba, majina ya wanawake, daraja zao na ijara zao. Kisha akakua hata akawa mchapishaji wa Kitagawa Utamaro. Kiasi cha mwaka 1794 Utamaro alitoa picha 12, moja kwa kila saa ya mchana na usiku kwa hesabu ya kwao, zikionyesha maisha ndani ya mtaa. Kati ya hizo iko picha ya saa ya ng'ombe, ambayo kwetu ni saa nane ya usiku. Mwanamke amesimama peke yake. Ametoka kitandani kwenda msalani. Mkono mmoja umeshika kipande cha karatasi kilichosokotwa na kuwashwa kiwe taa, mkono wa pili umeshika karatasi nyingine, nguo yake imelegea, na mguu wake unapapasa kutafuta kiatu. Macho yake yamefumba nusu. Hakuna mteja katika picha ile, hakuna maandamano, hakuna sakura. Kuna uchovu tu, umechorwa kwa mstari mwembamba wa mtu aliyeujua uchovu ule kwa kuuona. Mwenye kuniambia kwamba picha hizi zifichwe, namjibu kwamba hii ni shahidi, na shahidi hafungiwi.

Sasa natufungue daftari. Watawala wa Japani walikuwa wamekwisha kukataza uuzaji wa watu tangu mwanzoni mwa karne ya 17, kwa hiyo hakuna msichana aliyeuzwa Yoshiwara kwa jina la kuuzwa. Baba, au kaka, au mjomba, alitia muhuri katika hati ya utumishi wa miaka maalumu, aghalabu isiyozidi kumi. Dalali alichukua ujira wake. Kafili alisimama kudhamini kwamba mtumishi hatatoroka. Na fedha zote zikatolewa mbele, kwa mzazi, siku hiyohiyo. Hati ilisema ni mshahara uliotangulizwa. Kwa kweli ilikuwa rehani, na kilichowekwa rehani ni mtoto mwenyewe. Yeye hakutia muhuri, hakugusa fedha, na hati haikukaa mikononi mwake hata siku moja. Lakini mwenye kudaiwa ni yeye.

Lau deni lingekuwa ni ile fedha ya kwanza tu, huenda wengi wangelilipa kabla ya miaka yao kwisha. Lakini mtaa ulijengwa kwa hekima mbaya, kwamba kila kilichomfanya mwanamke apendeze kiandikwe juu yake. Mavazi ya hariri, godoro na mito, pini za gamba la kasa, mafuta ya nywele, karatasi, mkaa wa kuota moto, bahashishi za watumishi, vyote vilikuwa mzigo wake. Alipopanda daraja, walewale wasichana wadogo waliomfuata katika maandamano waliwekwa chini ya malezi yake, na nguo zao akawa yeye mwenye kuzinunua. Na mmoja wao alipofikia umri wa kutangazwa kuwa mwanagenzi, sherehe ile ya kutangazwa, iliyokuwa ghali kupita kiasi, ilikuwa juu ya dada mkubwa. Kwa hiyo kila hatua ya kuelekea juu ilimzamisha zaidi. Kisha zilikuwapo siku za sikukuu, nazo zilikuwa nyingi mwakani, ambazo ijara yake ilizidishwa na mwanamke alilazimika awe na mteja. Asipompata, au akiwa mgonjwa, au akitaka kupumzika siku moja tu, alijilipia mwenyewe, yaani aliinunua siku yake kutoka kwa bwana wake na bei ikaandikwa daftarini. Katika maisha yangu nimesoma habari za dhuluma nyingi, lakini sijakutana na nyingi zilizopangwa kwa utulivu namna hii, ambapo mtu hununua mapumziko yake kwa deni lilelile linalomnyima mapumziko.

Njia za kutoka zilikuwa tatu. Ya kwanza ni miaka kwisha, na aliyebahatika alitoka akiwa na miaka kama 27, ingawa wengine walihamishiwa nyumba duni kwa mkataba mpya kabla ya kuiona siku hiyo. Ya pili ni tajiri kumlipia fidia, jambo lililotungiwa hikaya nyingi kwa sababu lilitokea kwa wachache. Ya tatu ni mauti. Katika mtaa wa Minowa, si mbali na Yoshiwara, liko hekalu la Jōkanji, ambalo watu waliliita hekalu la kutupia, kwa kuwa wanawake waliokufa bila jamaa wa kuwadai walipelekwa huko wamefungwa ndani ya mkeka na kuachwa. Inakadiriwa kwamba waliozikwa hapo ni kiasi cha 25,000, na waliokufa katika tetemeko la ardhi la mwaka 1855 wamo. Madaftari ya hekalu huonyesha kwamba wengi walikuwa na miaka ishirini na kitu.

Asidhani msomaji kwamba wanawake hawa walinyamaza. Mwaka 1849 wanawake 16 wa nyumba iliyoitwa Umemotoya waliitia moto nyumba ya bwana wao, na mara hiyo wakaenda wenyewe kwa mkuu wa mtaa kujisalimisha, ili wapate kusikilizwa. Edo ulikuwa mji wa mbao na karatasi, na adhabu ya mtia moto ilikuwa kuchomwa yeye mwenyewe. Walilijua hilo wote. Baadhi yao walikuwa wameandika habari za siku zao kwa mikono isiyofundishwa vyema kuandika, na maandishi hayo yakahifadhiwa pamoja na habari za kesi: chakula kilichooza, vipigo, mwenzao aliyefungwa kamba. Mahakimu, baada ya kusikiliza, hawakuwaua. Wanne wao walipelekwa visiwani, na bwana wao naye akahamishiwa kisiwani na mali yake ikatwaliwa. Ningependa kila anayeandika juu ya mitalawanda na hariri awape wanawake hawa 16 angalau nafasi ileile anayoipa hariri.

Mwaka 1872 ilitokea sababu ambayo hakuna aliyeitazamia. Meli ya Peru iliyoitwa María Luz, ikitoka Macau na Wachina zaidi ya 200 waliotiwa mikataba ya kazi, iliingia bandari ya Yokohama baada ya kupigwa na dhoruba, na mmoja wa Wachina akajirusha baharini, akaogelea hata meli ya kivita ya Waingereza, akaomba hifadhi. Hakimu wa Kijapani, Ōe Taku, akaisikiliza kesi na kuamua kwamba watu wale waachiliwe huru. Lakini wakili Mwingereza aliyemtetea nahodha alisimama akasema: ninyi mnaohukumu mikataba ya watu hawa kuwa ni utumwa, mbona katika nchi yenu binti za watu hufungwa madanguroni kwa mikataba mizito kuliko hii? Fedheha ile iliichoma serikali mpya ya Meiji, na kabla mwaka haujapita ikatoka amri ya kuwafungua wanawake wote wa madanguro, na amri ya pili iliyosema kwamba madeni yao yasidaiwe. Sababu iliyotolewa ni kwamba wanawake wale, kwa kupoteza haki za utu, walikuwa sawa na ng'ombe na farasi, na ng'ombe na farasi hawadaiwi. Waliwekwa huru kwa hoja iliyowafanya wanyama.

Uhuru ule ulidumu miezi tu. Mwaka 1873 madanguro yalipewa idhini tena, safari hii kwa jina la vyumba vya kukodisha, na mwanamke akaitwa mtu anayefanya kazi kwa hiari yake. Fedha bado zilitangulizwa kwa baba, na daftari likafunguliwa ukurasa mpya. Msomaji wa pwani yetu ataukumbuka mwaka huo kwa jambo jingine, kwa kuwa ni mwezi wa Juni 1873 ndipo Seyyid Barghash alipotia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja. Na amri ya 1897 ilipokuja kuuondoa utumwa wenyewe katika sheria, masuria waliachwa nje yake hata mwaka 1909. Nchi hizi mbili hazikuigana. Lakini katika zote mbili, mlango ulipofunguliwa, mwanamke aliyefungiwa ndani ya nyumba ndiye aliyetoka mwisho.

Wala kiungo chetu na habari hii si cha tarehe tu. Umaskini uleule uliolisha Yoshiwara uliwasukuma mabinti wa Amakusa na Shimabara, kusini mwa Japani, wavuke bahari kwenda Singapore na Sandakan, wakiitwa karayuki-san. Na wachache wao, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, walifika hata Unguja, wakaishi katika Mji Mkongwe. Nauli ya safari, aliyotozwa kwa bei aliyoitaka dalali, ndiyo iliyokuwa deni la kwanza la kila mmoja wao.

Ya baadaye nayapitia upesi. Mwandishi Higuchi Ichiyō, ambaye sura yake ilichapwa katika noti ya yen 5,000, alifungua mwaka 1893 duka dogo la peremende na vikorokoro karibu na mtaa ule, na kutokana na miezi aliyokaa hapo akaandika hadithi ya watoto wanaokua chini ya kivuli chake, mmoja wao binti anayengojewa na kazi ya dada yake. Mwaka 1900 serikali ilitoa kanuni ya kumruhusu mwanamke aache kazi atakapo, na mahakama ya juu ikatamka kwamba hawezi kushurutishwa kuendelea. Lakini deni, walisema majaji wa zama zile, ni jambo jingine, na deni ni lazima lilipwe. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko na moto viliwakuta wanawake ndani ya mtaa, na mamia waliojitupa katika kidimbwi kilichokuwamo humo walikufa majini. Baada ya vita, mwaka 1946, jeshi la Marekani lililoikalia nchi liliamuru leseni zifutwe, na polisi wakaendelea kuizungushia mitaa ya madanguro mstari mwekundu katika ramani zao. Sheria ya kuukataza ukahaba ilipitishwa mwaka 1956, ikatimia nguvu zake zote tarehe 1 Aprili 1958.

Lakini kwangu mimi tarehe iliyo kuu si 1958, bali ni Oktoba 7, 1955, ambayo hata Japani wengi hawaikumbuki. Siku hiyo Mahakama ya Juu ilitoa hukumu juu ya baba mmoja aliyekopa fedha, na binti yake, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 16, akapelekwa kuwahudumia wanywaji ili alipe. Mkopeshaji alidai fedha zake. Majaji wakasema kwamba mkopo na kazi ile havitenganishwi, kwamba vyote viwili ni batili, na kwamba mkopeshaji, kwa kuwa naye aliingia katika jambo ovu, hana haki ya kurudishiwa chochote. Ilichukua miaka 83 tangu amri ya ng'ombe na farasi hata hakimu akaweka kidole chake juu ya daftari lenyewe.

Leo katika Kabukichō, mtaa wa starehe wa Tokyo hiyohiyo, wako vijana wa kiume ambao kazi yao ni kuwavutia wasichana waje wanywe nao. Msichana huaminishwa kwamba anapendwa, hufunguliwa chupa za mamia ya maelfu ya yen kwa mkopo, na deni linapokomaa huelekezwa akalilipe kwa mwili wake. Malalamiko ya wazazi yalikuwa mengi hata Bunge likaibadilisha sheria, na tangu Juni 2025 imekatazwa kutumia mapenzi ya mteja kumtia deni, na kumshawishi aingie katika ukahaba ili alipe. Hatua hiyo ni njema, na naiunga mkono. Ila ningewaomba majaji watakaoletewa kesi hizo waisome tena hukumu ya 1955 kabla ya kuuliza kama saini iliyo chini ya hesabu ni ya msichana mwenyewe.